Hergé: Alichora Kongo na Mwezi bila kufika

Tarehe 30 mwezi wa tatu 1950, watoto wa Ubelgiji walifungua gazeti lao la kila juma, lenye jina Tintin, wakakuta hadithi mpya. Ulikuwa mwanzo wa safari ndefu. Kijana mwandishi wa habari, mbwa wake mweupe Milou, kapiteni Haddock na profesa Tournesol, hatimaye wote wangepanda mpaka Mwezini. Tukumbuke dunia ya siku zile ilikuwa namna gani. Hakukuwa bado hata chombo kimoja kinachozunguka angani. Sputnik ya Warusi ilirushwa 1957, Gagarin alipanda 1961, na Wamarekani walikanyaga Mwezi 1969. Hadithi ile, ambayo sisi tunaijua katika mabuku mawili, Objectif Lune na On a marché sur la Lune, iliwatangulia wote.

Aliyeichora aliitwa Georges Remi, lakini dunia inamjua kwa jina la Hergé. Ni yule yule ambaye, miaka ishirini mbele ya hapo, alichora Tintin au Congo, buku ambalo kila Mkongomani analijua, hata yule ambaye hajalifungua. Kongo hakufika. Mwezini pia hakufika. Alisafiri kwa kalamu tu, mara zote mbili. Lakini hakujitayarisha namna moja kwa safari hizo mbili, na tofauti hiyo ndiyo tunataka kueleza leo, juu inatuhusu.

Mtoto wa Etterbeek

Georges Remi alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1907 kule Etterbeek, katika mji wa Bruxelles. Baba yake, Alexis, alikuwa mfanyakazi katika nyumba moja ya nguo za watoto. Haikuwa familia ya umaskini wala ya utajiri. Nyumbani hakukuwa vitabu vingi, na mtoto alijaza madaftari yake ya masomo kwa picha. Wakati wa vita ya kwanza, Wajerumani walipokuwa wamekalia Bruxelles, alikuwa mdogo wa masomo ya chini.

Alisoma katika shule ya Wakatoliki, Saint-Boniface, na huko akaingia kwa maskauti. Uskauti ulimfundisha mambo ambayo tutayakuta baadaye kwa Tintin: kijana asiye na bibi wala mali, anayesaidia wanyonge, anayelala popote. Gazeti la maskauti ndilo lilimpa nafasi ya kwanza ya kuchapa picha zake. Mwaka wa 1924 akaanza kutia sahihi mpya: alikamata herufi za kwanza za majina yake, akazigeuza, R ikatangulia G, na kwa matamshi ya Kifaransa ikawa Hergé.

Nyuma ya masomo akapata kazi katika gazeti la Kikatoliki, Le Vingtième Siècle. Mwanzoni alikuwa mtu wa ofisi tu, akiandika majina ya watu wanaolipia gazeti. Mkubwa wa gazeti alikuwa padri Norbert Wallez, mtu mwenye sauti kubwa na mawazo makali, ambaye hakuficha kwamba anampenda Mussolini. Padri huyo aliona kipaji cha kijana. Mwaka wa 1928 akamkabidhi kurasa za watoto, Le Petit Vingtième, zilizotoka kila siku ya nne. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929 Tintin akazaliwa humo, akapanda treni kwenda kwa Wasovieti. Hergé hakujua kitu juu ya Urusi. Alitegemea kitabu kimoja tu cha mtu aliyewachukia Wasovieti, na padri akaridhika.

Kongo ya karatasi

Safari ya pili Hergé alitaka iwe ya Amerika, kwa Wahindi Wekundu aliowapenda tangu uskauti. Padri Wallez akakataa: Amerika baadaye, kwanza Kongo. Koloni ilihitaji vijana wa kwenda kufanya kazi, na misioni zilihitaji mapadri. Gazeti lilipaswa kuamsha hamu ya watoto. Ni vile Kongo yetu ilivyoingia katika hadithi za Tintin, kama tangazo.

Hadithi ilitoka toka mwezi wa sita 1930 mpaka mwezi wa sita 1931. Kusudi ajue nchi, Hergé alikwenda Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la koloni, akatazama vitu vilivyowekwa kule, kama vile sanamu ya mtu-chui. Mengine alikuwa nayo tayari kichwani, mambo ambayo watu wa mtaa wake walikuwa wanasema juu ya weusi. Matokeo tunayajua: Waafrika wenye sura moja, wavivu, wanaosema Kifaransa cha kuvunjika, misioni inayookoa kila kitu, wanyama wanaouawa kwa mchezo, na mwishoni kijiji kizima kinapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin na mbwa wake. Ndani ya darasa, Tintin anawafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji.

Kongo ya kweli ya siku zile ilikuwaje? Simon Kimbangu alikuwa katika jela ya Élisabethville tangu 1921, na angefia humo 1951. Wapende wa Kwango waliasi kwa ajili ya kodi na kazi ya lazima ya mawese, na mwezi ule ule wa sita 1931, wakati Tintin anamaliza safari yake, mtumishi Mbelgiji Maximilien Balot akauawa kule. Nyuma ya hapo jeshi la koloni likaua Wapende kwa mamia. Hakuna hata kivuli cha mambo hayo katika buku. Hergé hakuyaficha kwa makusudi. Hakuyajua, na hakutafuta kuyajua, juu hakuna mtu mbele yake aliyeweza kumwambia kwamba amekosea. Alikuwa na miaka 23.

Rafiki kutoka Shanghai

Mwaka wa 1934 alitangaza katika gazeti kwamba Tintin atakwenda China. Padri mmoja aliyewatunza wanafunzi Wachina wa Louvain akamwandikia barua, akamwomba awe mwangalifu: vijana hao wanasoma gazeti, usiwachekeshe watu kwa kuwadharau. Kisha wakampeleka kwa Tchang Tchong-Jen, kijana wa miaka yake, mwanafunzi wa uchongaji katika akademia ya Bruxelles.

Wale wawili wakawa ndugu. Kila siku ya Mungu Tchang alikuja kwa Hergé, akamweleza historia ya nchi yake, namna ya kushika burashi, namna mti unavyosimama na upepo unavyopita. Yeye mwenyewe aliandika maneno ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta za Shanghai katika Le Lotus bleu. Na maneno hayo hayakuwa mapambo tu. Mengine yalipinga ukoloni wa Japani waziwazi. Waziri wa Japani kule Bruxelles alilalamika.

Tangu siku ile Hergé hakuchora tena kwa kubahatisha. Alianza kukata picha katika magazeti, kuziweka katika mafaili, kuuliza wenye kujua. Hapa tuseme neno moja. Bruxelles ya miaka ile ilikuwa na wanafunzi Wachina. Wanafunzi Wakongomani haikuwa nao, juu serikali ya koloni haikutaka wafike. Mchina aliweza kubisha hodi kwa Hergé akamwambia mambo si hivyo. Mkongomani hakuweza.

Nyota na aibu

Vita ya pili ilipofika, Ubelgiji ikaanguka mwezi wa tano 1940. Gazeti la Hergé likafungwa. Akaingia katika Le Soir, gazeti kubwa la Bruxelles ambalo Wajerumani waliliteka na kuliendesha kwa faida yao. Watu wengi walikataa kuandika humo. Yeye alikubali. Tintin akapata wasomaji wengi kupita zamani.

Ni katika Le Soir alipojaribu mara ya kwanza hadithi ya mambo ya anga. L'Étoile mystérieuse, iliyotoka toka 1941 mpaka 1942, inasimulia jiwe kubwa linaloanguka kutoka juu katika bahari ya kaskazini, likiwa na metali isiyojulikana duniani. Uyoga unakua kwa dakika chache mpaka urefu wa mtu na kupasuka, buibui anakuwa mkubwa kama nyumba. Elimu ya sayansi haiko mule, ni ndoto tu. Na siasa ilikuwa mbaya: upande wa ubaya walikuwa Wamarekani, wakiongozwa na tajiri wa benki mwenye jina na pua ambayo magazeti ya chuki yaliwapa Wayahudi. Hadithi iliisha mwezi wa tano 1942, mwezi ule ule ambao Wajerumani waliwaamuru Wayahudi wa Ubelgiji kuvaa nyota ya manjano. Baadaye Hergé alibadilisha jina la tajiri yule na kuondoa bendera ya Marekani. Sura aliiacha.

Nchi ilipokombolewa, mwezi wa tisa 1944, akakamatwa mara kadhaa, akalala jela usiku mmoja, akakatazwa kuchapa katika magazeti. Mashitaka hayakuendelea, lakini jina lilichafuka. Aliyemwinua alikuwa Raymond Leblanc, mtu aliyepigana na Wajerumani kwa siri, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita msaliti. Wakaanzisha gazeti la Tintin tarehe 26 mwezi wa tisa 1946, nakala 60.000. Katika namba ile ya kwanza rafiki ya Hergé, Edgar P. Jacobs, alianza Le Secret de l'Espadon, hadithi ya vita ya kesho na ndege za ajabu. Vijana wa Ulaya waliotoka kwenye mabomu walikuwa na njaa ya hadithi za namna hiyo. Walikuwa wameona roketi V2 zikianguka juu ya Antwerpen, walikuwa wamesikia Hiroshima. Walitaka mtu awaambie kama mashine zile zinaweza kufanya kitu kingine kuliko kuua.

Kazi ya Mwezi

Hapo Hergé akaamua kwenda Mwezini, na mara hii alijitayarisha kama injinia.

Alimwendea Bernard Heuvelmans, mwanasayansi wa wanyama aliyekuwa ameandika pia kitabu juu ya mtu na nyota. Heuvelmans na rafiki mwingine walimwandikia mpango wa kwanza wa hadithi. Hergé aliuweka pembeni, akabaki na vipande vichache na maelezo ya sayansi. Kisha mwaka wa 1950 kikatoka Paris kitabu kinene cha Alexandre Ananoff, L'Astronautique, chenye hesabu na michoro ya safari za anga. Hergé alikisoma, akamwandikia mwenyewe, akamuuliza maswali. Akatengenezesha roketi ndogo ya mfano inayofunguka vipande vipande, ngazi, vitanda na meza za vyombo ndani yake. Akaibeba mpaka Paris kusudi Ananoff aseme kama inafaa. Mfano ule ulibaki juu ya meza za wachoraji: kama kapiteni anashuka ngazi, kila mmoja alipaswa kujua anatokea mlango gani.

Kwa kazi nzito hivyo mtu mmoja hatoshi. Mwaka ule ule wa 1950 alianzisha Studios Hergé. Bob de Moor, aliyeingia mwaka uliofuata, alichora mashine nyingi na sehemu kubwa ya mandhari ya Mwezi.

Tena akachukua uamuzi ambao waandishi wa siku zile waliuogopa: Mwezini hakutakuwa kitu. Hakuna watu wa kijani, hakuna miji ya vioo, hakuna mnyama hata mmoja. Ni mawe, mashimo, kimya na mbingu nyeusi. Hadithi ilipaswa kusimama juu ya mambo ya kweli tu. Motoka ya atomiki ikizimwa, watu wanaelea. Whisky ya Haddock inatoka katika glasi na kujikunja kama mpira hewani. Juu ya Mwezi mtu anaruka mbali, juu uzito wake unabaki moja ya sita. Wanashuka katika bonde la mviringo linaloitwa Hipparque, ambalo liko kweli kwenye ramani ya Mwezi. Hata barafu iliyomo ndani ya pango, ambayo ilionekana kama uhuru wa mchoraji, haikuwa ujinga: mwaka wa 2009 chombo cha Wamarekani kilithibitisha kwamba maji yaliyoganda yamo katika mashimo ya Mwezi yasiyopata jua.

Makosa yako. Milima ya kweli kule imelainika, yeye aliichora yenye meno. Roketi yake inapanda nzima na kurudi nzima, wakati Wamarekani walipaswa kuacha vipande njiani. Ndani ya roketi hakuna mwanamke. Lakini kila kosa la sayansi ni la mtu aliyeuliza kwanza.

Kazi ilimchosha vibaya. Mwezi wa tisa 1950 hadithi ikakatika katikati, wasomaji wakaachwa bila neno kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Hergé alikuwa na huzuni nzito, na mikono yake ilitoka upele uliomzuia kushika kalamu. Ilianza tena mwezi wa ine 1952, ikamalizika mwisho wa 1953.

Uraniamu ya Sildavia

Mkongomani akisoma Objectif Lune anasimama mahali ambapo msomaji wa Bruxelles anapita haraka. Juu ya nini roketi inajengwa Sildavia, nchi ndogo ya milima aliyoitunga Hergé? Jibu limo ndani ya buku: wamekuta uraniamu katika milima yao. Basi wameita wataalamu kutoka nchi zingine, wamejenga kituo cha atomiki, na nguvu ile inawapeleka Mwezini.

Wakati Hergé anachora hayo, uraniamu iliyojulikana kuliko yote duniani ilikuwa inatoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville. Mwaka wa 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo New York, kusudi Wajerumani wasiyapate. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka katika udongo wa Katanga, ikichimbwa na mikono ya Wakongomani ambao hakuna aliyewaambia ni nini wanachobeba. Karibu na wakati wa uhuru mgodi ukafungwa kwa saruji.

Hatusemi kwamba Hergé aliiba habari hiyo akaibandika jina lingine. Hatuna haja ya kumsingizia. Lakini tazameni namna mawazo yake yalivyokwenda. Alipotaka nchi yenye uraniamu inayojitawala, yenye mainjinia, inayotuma watu juu, alipaswa kuitunga. Ile ya kweli, koloni ya nchi yake mwenyewe, haikuwa na nafasi ndani ya ndoto hiyo. Alikuwa amekwisha kuichora 1930, na watu aliowachora mule walikuwa wanapiga magoti. Roketi hawakuweza kuijenga.

Wolff

Kuna kitu kingine kinachofanya hadithi ya Mwezi iwe kubwa kuliko mashine zake, nacho ni injinia Frank Wolff. Huyu ni msaidizi wa Tournesol, mtu mpole, mwenye akili. Zamani Marekani alicheza kamari, akaingia madeni, na wapelelezi wakamshika kwa madeni hayo. Ndiye anayewapa siri, ndiye anayemwingiza adui ndani ya roketi. Wakati wa kurudi, hewa ya kupumua haitoshi, juu watu wamekuwa wengi kuliko hesabu. Wenzake wamelala. Wolff anaacha barua, anafungua mlango, anajitupa katika giza kusudi wengine wafike wazima.

Katika gazeti la watoto la miaka ile jambo hilo halikupita bure. Wakatoliki walilalamika kwamba mtu anajiua, na anafanywa shujaa. Hergé alilazimika kutia katika barua ya Wolff tumaini dogo kwamba labda mwujiza utamwokoa. Baadaye alisema wazi kwamba alijuta kukubali.

Tunafikiri kwamba mtu aliyefanya kazi katika Le Soir ya Wajerumani alijua alichokuwa anachora. Wolff hakuwa mbaya kwa kuzaliwa; alikubali kitu kidogo, kisha kingine, mpaka akajikuta upande ule. Tintin na Haddock hawamhukumu namna moja. Kapiteni anamtukana mpaka mwisho, na barua ikisomwa anainamisha kichwa.

Alichorekebisha na alichokiacha

Miaka iliyofuata Hergé alikuwa tajiri na mwenye jina. Alimwacha mke wake wa kwanza, Germaine, aliyemwoa 1932, akaishi na Fanny Vlamynck, mtia rangi wa studio; walioana 1977. Alichora Tintin au Tibet, hadithi ya urafiki kwa Tchang aliyepotea, ambaye Tchang wa kweli alirudi kumwona Bruxelles 1981. Wamarekani walipofika Mwezini, alichora picha ya Tintin na wenzake wakimpokea Armstrong kwa maua. Na kijisayari kilichoonekana 1953 kutoka kituo cha nyota cha Uccle kikapewa namba 1652 na jina Hergé.

Na Kongo? Mwaka wa 1946, alipotia rangi, alifupisha buku, akaondoa somo juu ya nchi ya Ubelgiji, akaweka mahali pake somo la hesabu. Mwaka wa 1975, kwa maombi ya wachapaji wa Skandinavia, aliondoa kifaru aliyelipuliwa kwa baruti. Kumbe mnyama alipata mtetezi mbele ya mtu. Uhuru ulipofika 1960, nyumba ya Casterman ilisita miaka kadhaa kulichapa buku hilo tena. Mwenyewe, alipoulizwa, alilihesabu kati ya makosa ya ujana wake, akaeleza kwamba alikuwa amelishwa mawazo ya mtaa aliokulia. Tunamsadiki. Lakini mawazo hayo hayakuisha na ujana: katika Coke en stock, ya 1958, alitaka kupinga biashara ya watumwa, na bado Waafrika wake walizungumza kama watoto, mpaka gazeti la Jeune Afrique likamlaumu, naye akarekebisha matamshi yao.

Tulinganishe na L'Île Noire. Mchapaji Mwingereza alipotaka kuitoa, aliandika orodha ya makosa 131 juu ya Uingereza: treni si hivi, polisi havai hivi. Hergé akamtuma Bob de Moor kule 1961, akachore kila kitu upya, mpaka vifungo vya polisi. Buku zima likafanywa mara ya tatu. Kwa Mwezi, mfano wa roketi ulisafiri mpaka Paris. Kwa Scotland, mtu alipanda meli. Kwa Kongo hakutumwa mtu, hata mara moja, ingawa ndege ya Sabena ilikuwa inaruka toka Bruxelles mpaka Léopoldville miaka hiyo yote.

Alikufa Bruxelles tarehe 3 mwezi wa tatu 1983, akiwa na miaka 75, akazikwa katika makaburi ya Dieweg. Alikuwa amekataza mtu mwingine asiendeleze Tintin, na mapenzi yake yameheshimiwa mpaka leo. Mwanafunzi mmoja Mkongomani alipeleka Tintin au Congo mahakamani kule Bruxelles mwaka wa 2007. Mahakimu walikataa 2012, wakisema buku halikukusudia kuchochea chuki. Kinshasa, wachongaji wanaendelea kuuza Tintin wa mbao katika motokari yake ya zamani, na wateja hawakosi.

Wazazi na walimu wengine wanatuuliza kama waondoe mabuku hayo mikononi mwa watoto. Sisi tunaona kinyume: mtoto wa miaka kumi na mbili asome yote mawili juma moja, ya Kongo na ya Mwezi. Kisha aulizwe swali moja tu: katika kila safari, mchoraji alimuuliza nani kabla ya kushika kalamu? Ataona mwenyewe, bila hotuba. Na akiuliza Kongo ilichorwa na nani tena, tumwonyeshe kazi ya Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, ambaye katika Madame Livingstone, iliyotoka 2014, alichora vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika. Mule Wakongomani wana sura zao, kila mmoja yake.